Mwenyekiti Hapiki, Anaendesha Mashine

Siku zile, hata ungemkuta na unga kwenye nyusi na sahani imejaa mbele yake, Mwenyekiti angekuambia hapiki. "Mimi naendesha mashine," angesema, kisha angekukazia macho mpaka wewe uliyeuliza uone aibu. Nimekaa jirani yake miaka mingi, hapa kati ya Kaplong na Sotik, ua tu ndio unaotutenganisha. Mimi ni fundi wa nguo, na wateja wangu watakuambia ulimi wangu si butu, lakini huyo mzee sikuwahi kumshinda kwa maneno.

Jina lake silitaji kwa sababu hapa kwetu hakuna anayelitaja. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu cha majani chai, kile kibanda cha mabati ambapo sisi wakulima wadogo tunapima majani kabla lori la kiwanda halijafika. Uenyekiti wenyewe uliisha zamani. Walichaguliwa wengine baada yake, na hao wengine wanaitwa kwa majina yao.

Pale kituoni tulimwogopa kweli. Ukishusha kikapu chako, yeye hakuangalia majani ya juu, maana alijua ya juu yamepangwa kwa ajili yake. Alizamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa ya chini kabisa, akayaanika kwenye kiganja mbele ya watu. "Majani mawili na kichipukizi," alikuwa akisema. "Sasa hii ni nini, Fundi? Hii ni kuni." Siku moja alikikataa kikapu changu chote, na watu wakaguna kunihurumia. Kisha akatandika gunia chini, akaketi, akaanza kuchambua pamoja nami, jani baada ya jani, mpaka lori likapiga honi. Watu waliniuliza kama aliniona huruma. Huruma gani? Alinigombeza mwanzo hadi mwisho, akasema vidole vyangu vimezoea vifungo.

Ndivyo alivyokuwa. Mkono ulikusaidia huku mdomo unakuchapa.

Kwa kuwa wazazi wangu walihamia hapa kutoka upande wa Kisii, naye ni Mkipsigis wa hapa hapa, tuliongea Kiswahili, yeye chake na mimi changu. Alikuwa na misemo yake ambayo sijaisikia kwa mwingine. Kitu kikikataa, usikipige, kisome. Haraka waachie mvua. Ukimsifu mtu asubuhi, jioni utamfanyia kazi. Huu wa mwisho aliufuata kwa bidii sana, kwa maana sijasikia akimsifu mtu asubuhi, mchana wala jioni. Nilimshonea koti la kwenda harusini, likamkaa vizuri ajabu, akajitazama kwenye kioo changu mbele na nyuma, akasema, "Mifuko iko."

Lakini jambo lililomtambulisha zaidi ni jikoni. Kwake jiko ni nyumba ndogo ya udongo nyuma ya nyumba kubwa, na ndani yake palikuwa ufalme wa mkewe: mafiga, kuni, mbuzi mmoja mgonjwa wakati mwingine, na vile vibuyu virefu vya maziwa ya mursik vimetundikwa ukutani. Mwenyekiti hakukanyaga huko. Akitaka chai alisimama nje, karibu na mfereji, akakohoa. Hata siku cheche ziliporukia nyasi za paa, alizima moto kwa kurusha maji kupitia dirishani, huku akimpigia mkewe kelele atoke na vibuyu. Moto ulizimika, na yeye hakuwa ameingia. Kwenye mkutano wa wanaume kanisani alisimama akafundisha kwamba mwanaume akizoea jikoni, ng'ombe wanamsahau. Wanaume wakaitikia amina kwa nguvu sana. Sisi wanawake tuliokuwa tukipika chai ya mkutano huo tulisikia kila neno.

Mke wake tulimwita Mama, sote, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kicheko cha kufika barabarani. Yeye na Mwenyekiti walibishana tangu jogoo la kwanza. Kikipsigis changu ni cha sokoni tu, lakini sauti ilinitosha: huyu anasema mvua itanyesha, huyu anasema haitanyesha, na ikinyesha wanabishana kama hiyo ndiyo mvua waliyokuwa wakiizungumzia. Nilizoea kuanza kushona kwa kelele zao. Zikichelewa, najua Mwenyekiti amesafiri.

Asubuhi moja kelele hazikuanza, na Mwenyekiti hakuwa amesafiri. Mama alikuwa ameanguka akikamua. Stroke, walisema hospitalini. Aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu wa kulia pia, na maneno yalikuwa yamemwishia mdomoni. Akikutazama unaona kabisa anakujua, anataka kukutania, lakini utani hautoki. Kilichotutisha zaidi ni chakula. Hakutaka kula. Uji aliufumbia mdomo, ndizi zilizopondwa alizitema, hata chai yetu ya maziwa ambayo hakuna mtu wa Kericho wala Bomet anayeikataa, aliigusa kwa midomo akaiacha.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipunguza nguo zake. Mara ya kwanza nilikunja mishono ya ubavuni, nikaona ni sawa, mgonjwa hupungua. Aliponiletea tena Mwenyekiti nguo ile ile niipunguze zaidi, niliiweka chini ya sindano nikashindwa kukanyaga cherehani. Nililia, nasema ukweli. Nilimpenda yule mama.

Wasichana wa kazi walikuja na kuondoka. Nani angekaa? Mwenyekiti alikagua maharagwe yao kama majani ya kituoni. Alizamisha mkono kwenye sufuria ya mboga ambayo haijapikwa, akatoa jani la chini, akauliza, "Hii ni nini?" Mmoja alimjibu, "Hiyo ni sukuma wiki, na mimi naenda kwetu," akaenda kwao kweli.

Binti yao ni nesi huko Nakuru. Alikuja wakati wa Pasaka pamoja na mumewe, akaketi kando ya mama yake, akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza taratibu. Nilikuwepo, nimeleta maziwa. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti ilikuwa ya kazini.

"Baba, nitarudi shule zikifungwa Agosti," akasema. "Nikimkuta amekonda kuliko hivi, naenda naye Nakuru. Huko nitamlisha mimi mwenyewe."

"Sawa," Mwenyekiti akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza nasikia akisema sawa bila kuongeza kitu. Na usidhani binti alikuwa na roho mbaya. Angefanya nini? Lakini kila aliyekuwa kwenye chumba kile alijua maana yake. Mama akienda Nakuru, Mwenyekiti hawezi kumfuata. Mzee wa Kikipsigis hahamii nyumbani kwa mkwe wake, akala meza moja na mkwe, akaoga bafu la mkwe. Afadhali alale zizini. Kwa hiyo ingekuwa yeye huku, mkewe kule, na katika umri ule hakuna aliyejua kama wangeonana tena wakiwa hai.

Siku chache baadaye alinijia dirishani pa duka langu. Akauliza habari za mvua, akauliza bei ya uzi, ambao hakuwa na haja nao. Akatazama barabara huku na huku.

"Fundi," akasema, "nyumba haina mtu ya kubishana naye, hiyo si nyumba. Hiyo ni stoo."

"Pole, Mzee."

"Sitaki pole. Wewe unajua kusoma maandishi madogo?"

Kumbe ni ile mashine. Krismasi ya kabla ya ugonjwa, binti alikuwa amemletea mama yake zawadi ndani ya kisanduku chenye picha: mashine ya stima ya kupikia krepe. Krepe ni zile ambazo sokoni tunaziita chapati za maji, ila hizi ni nyembamba zaidi, unaweza kuona kidole chako upande wa pili. Mama alikuwa ameitoa, akalitazama lile bamba jeusi lililobinuka katikati, akasema, "Sufuria gani hii imefura mgongo?" Akairudisha kisandukuni, kisanduku kikapanda juu ya kabati la sebuleni, kikafunikwa kitambaa cha kufuma, kikasahaulika. Jikoni kwake hakuna stima, na yeye hakuwa na mpango wa kupika mahali pengine.

Mwenyekiti alikuwa amekifikiria kisanduku hicho kwa siku kadhaa, na alikuwa ameshapanga kesi yake yote. Mashine haina moto. Haina mafiga. Haitaki kuni. Waya wake unaingia ukutani sebuleni, na sebule ni ya mwanaume. "Kwa hivyo hiyo si kupika," akaniambia. "Kule kiwandani wanaume wanaendesha mashine ya chai mchana na usiku. Nani amesema wanapika chai?" Alinichagua mimi kwa sababu wanawake wa ukoo wake wangecheka mpaka kicheko kifike Bomet mjini. Mimi pia nilicheka, ila nilisubiri nifike nyumbani.

Jaribio la kwanza alivaa koti na kofia, akaiweka mashine katikati ya meza kama mtu anayefungua mkutano. Taa ikawaka, bamba likapata moto, naye akachota unga mwepesi kwa kikombe akaumwaga juu ya ule mgongo. Unga wote ukateremka pande zote, ukaingia kwenye vitambaa vya Mama vya kufuma, mpaka kwenye kiatu cha Mwenyekiti. Nikasoma karatasi. Kumbe haimwagiwi. Unaigeuza kichwa chini, unaichovya kwenye sahani ya unga, unainua, unaigeuza tena ikauke.

Jaribio la pili aliipaka samli. Alisema hakuna chuma kinachopika bila mafuta, hata watoto wanajua. Alipaka kwa ukarimu wote ambao hakuwa nao kwenye sifa. Akachovya, akainua, bamba likatoka tupu, linang'aa. Akachovya tena. Tupu.

"Inakataa majani," akasema kwa unyonge, kama mkulima aliyekataliwa kikapu.

Nilimwambia samli ndiyo inayoutelezesha unga. Akaifuta kwa kitambaa, akachovya, na krepe ya kwanza ikashika, ikafuka mvuke kidogo, kingo zikaanza kujikunja zenyewe. Akaibandua kwa vidole. Ilikuwa nyeupe, laini, nzuri hata kwa picha. Tukainyunyizia sukari, tukamkatia Mama kipande. Akakionja, akakisukuma kwa mkono wa kushoto.

Siku ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Alizipaka asali, jamu, akaweka yai. Mama akageuza uso kwenye ukuta. Mwenyekiti alikula zote mwenyewe kimya kimya, na Agosti ilikuwa inakuja.

Sasa sikiliza kosa ambalo hakuna mtu wa mahali pengine angelifanya. Asubuhi moja maziwa yote yalikuwa yameshaenda kwenye gari la maziwa, hakubakiza hata ya chai. Akamtuma mtoto wa jirani jikoni amletee "maziwa yoyote," na mtoto akaleta kibuyu. Mursik, kama hujaonja, ni maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu mpaka yagande na kuwa na harufu yake ya moshi. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa ameyatia pale, kabla ya kuanguka. Mwenyekiti aliona maziwa ni maziwa. Akachanganya na unga na mayai, ikawa nzito kama uji wa mazishi, akaongeza maji mpaka ikakubali kutiririka, akachovya.

Ilitoka ya kijivu. Kijivu kabisa, na madoa meusi ya mkaa. Mimi nilikuwa nimefika na vitambaa vyake nilivyovifua, nikasema, "Mzee, hiyo hata bitana ya koti siiweki."

"Nyamaza," akasema, lakini hata yeye alikuwa akiitazama kwa mashaka.

Mama akageuza uso kutoka ukutani. Pua yake ilikuwa imesikia. Mwenyekiti akaikunja, akaikata, akampelekea kipande, na Mama akafungua mdomo. Akatafuna polepole, upande mmoja. Akafungua tena. Aliimaliza yote. Kisha akaiangalia ya pili ile rangi yake, akamwangalia mumewe na koti lake na kofia yake, na akacheka. Kicheko kilikuwa nusu, cha upande wa kushoto tu wa mdomo, lakini kilikuwa chake.

Mwenyekiti akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Alikaa huko nje muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniambia ni moshi. Moshi wa nini, na mashine ni ya stima?

Kuanzia hapo alijenga kazi yake kama kiwanda. Unga aliuchekecha. Mursik aliupunguza kwa maji, akatia mayai, chumvi kidogo, akachuja mchanganyiko wote kwa kichujio cha chai ili mabonge yabaki. Halafu akaufunika na kungoja. Kungoja huko alikuita kunyausha, kwa sababu kiwandani majani hayaendi kwenye kusagwa kabla hayajanyaushwa. Ukimharakisha alikuonyesha mlango. Shemeji yake mmoja alikuja kumsugulia vibuyu na kutia maziwa mapya, kwa maana hiyo ni kazi ya mikono ya wanawake na Mwenyekiti hakuwa na hoja ya kisheria ya kuikwepa.

Kuchovya kwenyewe kuna kipimo. Ukikaa sana krepe inakuwa nene, ukiwahi inatoka na matundu. Karatasi haikueleza vizuri, kwa hiyo alitafuta kipimo chake. Alikuwa akiichovya mashine na kuusalimia unga: "Chamgei." Neno likiisha, anainua. Alisema ni urefu unaofaa. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na meza, na kwao salamu haiachwi hewani. Mtu akikusalimia hujibu, uwe umekasirika, uwe unaumwa. Siku za kwanza nilimwona Mama midomo ikicheza tu. Wiki zikapita ikatoka sauti, kisha ikatoka nusu ya neno. Halafu asubuhi moja nikiwa nyuma ya ua naanika nguo, nilisikia Mwenyekiti akisema chamgei, na ndani ya nyumba sauti nzito, iliyopinda, ikajibu, "Mising." Niliangusha nguo zote kwenye matope.

Alikuwa ananitania baadaye nikimuuliza. "Mimi nilikuwa napima unga," alisema. "Yeye ndiye alijiingiza."

Stima ikipotea, na kwetu mvua ikinyesha stima hupotea, aliketi mezani na kofia yake, bakuli limefunikwa, akingoja. Ungemwambia, Mzee, jiko liko pale, kikaango kiko, kuni zipo. Asingekusikia. Mwishowe nilikuwa nachukua bakuli, naenda kupika kwangu kwa gesi, na nikirudi anasema mashine ilikuwa imehamia kwa Fundi.

Jumapili wageni wa kanisa walikuja kumwona mgonjwa. Akisikia lango, alichomoa waya, akaipeleka mashine chini ya meza, akatandaza kitambaa juu. Kisha akagawa krepe kwa mkono wake, zimekunjwa vizuri, na chai. "Karibuni. Mama amepika." Wamama wa kanisa wakautazama ule mkono wa kulia umelala mapajani. Wakatazamana. Wakasema, "Asante Mama, ni tamu." Na Mama akaitikia kwa kichwa polepole kama malkia. Kanisa zima lilijua, na kanisa zima likala.

Nilimkabili siku moja. Nilimwambia, "Mzee wa kanisa, huo si uongo?"

"Uongo wapi?" akasema. "Kibuyu ni cha nani? Nani ameonja akakubali? Mimi nikipeleka majani kiwandani, chai inaitwa ya dereva wa lori?"

Nimekwambia sikuwahi kumshinda.

Mwezi wa Julai, siku ya baridi ile yetu ya ukungu, aliingia dukani na kitu kimefura ndani ya koti. Akasubiri mteja atoke. Akatoa ile gauni ya Mama ya kanisani, ya bluu.

"Imekuwa ndogo," akasema. "Pengine ni maji ya kufulia."

"Mzee, maji yalikuwa yale yale."

"Pengine ni sabuni."

"Mzee."

"Fundi, fungua mishono ulizofunga, acha maneno mingi." Lakini alikuwa akitazama pembeni, na masharubu yalikuwa hayatulii. Niliifumua mishono yote miwili mle mle akiwa amesimama. Sijawahi kufumua kazi yangu kwa furaha namna ile.

Basi ikafika Agosti. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimepeleka gauni nimjaribishe Mama, na Mwenyekiti alikuwa katikati ya kazi, mashine ina moto, krepe kadhaa zimeshakaa sahanini. Tukasikia gari langoni. Binti alikuwa amesema angekuja wiki inayofuata, lakini alipata ruhusa mapema, na Mwenyekiti hakuwa na nafasi ya kuficha kitu. Kitambaa kingeungua. Alisimama tu mbele ya meza, koti limefunguliwa, kana kwamba mgongo wake ungeweza kuifunika.

Binti akaingia, na nyuma yake mumewe, kijana mpole mwenye adabu, akaketi ukingoni mwa kiti na macho sakafuni kama inavyompasa mtu akiwa mbele ya baba mkwe. Binti alikuwa ameshika begi kubwa. Lilikuwa tupu, unaona lilivyonywea. Akalidondosha, akaenda kwa mama yake moja kwa moja, akaushika mkono pale juu ya kiwiko, akabonyeza. Akabonyeza tena. Akamshika mashavu.

"Mama, umenenepa," akasema, na sauti ya kazini ikamkimbia.

Aligeuka akaona meza. Aliona mashine, bakuli, krepe za kijivu. Kisha akaniona mimi nimesimama na gauni.

"Ni wewe, Fundi," akasema. "Ni wewe umekuwa ukimpikia." Akaja akanikumbatia, akalia begani pangu. "Mungu akubariki. Sijui nikushukuru vipi. Lakini hatuwezi kukubebesha mzigo huu, una duka lako, una watoto wako. Jirani hawezi kulea mama yetu maisha yote. Wacha niende naye tu."

Juu ya bega lake nilimwona Mwenyekiti. Macho yake yote yalikuwa yananiomba niseme ndiyo, niseme ni mimi, nimfichie. Mkwe alikuwa pale, mita chache, anasikia kila kitu. Na kwa jambo lingine lolote ningemfichia, wallahi, ningemfichia. Lakini nikisema ni mimi, begi lile linajazwa. Naye alilijua hilo, niliona linavyomfikia usoni. Nikanyamaza.

Mwenyekiti akavua kofia.

Sasa, sisi tunaomjua, tumemwona bila kofia wakati wa maombi tu. Mkwe akaiona ikishuka, akafumba macho haraka, akainamisha kichwa. Mwenyekiti akaiweka kofia mezani kando ya bakuli. Alikuwa na mstari mweupe kipajini mahali ilipokaa, na alionekana mzee kuliko nilivyozoea.

"Si Fundi," akasema. "Ni mimi. Mimi ndiye napika."

"Amina," mkwe akaitikia, macho bado yamefumbwa.

Hakuna aliyecheka. Mkwe alifumbua jicho moja, akaelewa, akataka ardhi immeze.

"Wewe, Baba?" binti akasema.

"Mimi."

"Unapika?"

"Napika. Asubuhi napika, jioni napika. Naweka mayai, naweka mursik, nachuja, nangoja, napika." Kila alipolitamka neno lile nilimwona likimkwaruza, na kila mara akalirudia. "Unga hii imechanganywa na mimi. Watu wa kanisa wamekula chakula yangu. Na wewe kaa chini, utakula."

Binti hakukaa. Alisimama katikati ya sebule ya baba yake, mkono mmoja mdomoni, akitazama lile begi.

"Baba, si lazima," akasema polepole. "Nikienda naye, utapumzika."

"Ukienda naye," Mwenyekiti akasema, "mimi nitapikia nani?"

Sauti ilivunjika kwenye neno la mwisho. Mkwe akatazama ukutani. Mimi nilikuwa nimeikunja ile gauni mpaka ikawa donge. Binti akageuka kwa mama yake, akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika ule mkono unaofanya kazi.

"Mama. Wewe unataka nini? Twende, ama ukae?"

Mama alimtazama mtoto wake kwa upole. Midomo ilitafuta neno, ikalikosa, ikatafuta tena. Kisha akautoa mkono wake wa kushoto kutoka kwenye mikono ya binti, akanyoosha, akaisukuma sahani yake tupu juu ya meza, polepole, mpaka ikagonga bakuli mbele ya mumewe.

"Ongeza," akasema.